Kabla ya Kumtoa Malkia

Wako wanaodhani ya kuwa sataranji ni mchezo wa kupoteza wakati. Sisi tuupendao twauona kuwa ni mwalimu, nasi twataka kueleza somo moja tulilolipata katika mchezo uliochezwa Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera. Mwenye kete nyeupe alikuwa Paul Morphy, kijana Mmarekani wa miaka 21. Wenye kete nyeusi walikuwa wakubwa wawili walioshauriana, Mtawala Karl wa Brunswick, aliyekwisha kuondolewa katika nchi yake, na bwana mmoja aitwaye Isouard. Mchezo uliisha kwa hatua 17 tu.

Watu wausimuliapo husifu hatua ya 16, Morphy alipomtoa malkia wake aliwe na farasi, kisha ngome yake ikamfunga mfalme papo hapo. Ni ajabu kweli, maana alibakiwa na ngome moja, askofu mmoja na askari wake, hali wenzake walikuwa na malkia, ngome, askofu na farasi. Walakini kila tuupangapo mchezo huu ubaoni, twaona ya kuwa ushindi ulizaliwa mapema, katika hatua ya 8.

Wakati ule malkia wa Morphy aliweza kumla askari mmoja asiye na mlinzi. Angalimla, malkia mweusi angalitoka kumtisha mfalme, na malkia wote wawili wangaliliwa. Faida ya askari mmoja ingalikuwako, wala si vibaya, lakini mchezo ungalikwenda polepole. Morphy akamwacha, akamtoa farasi wake aliyekuwa bado amelala. Tangu hapo alizidi kuita kete zake vitani, hata ngome ya mwisho ikaingia katika hatua ya 14. Upande wa pili, malkia alisimama mbele ya askofu wake, akamzibia njia. Askofu yule hakusogea hata mara moja mpaka mwisho, wala ngome iliyokuwa pembeni yake. Walikuwa wengi, lakini hawakuwa kazini.

Vijana tunaowafundisha mchezo huu hutaka kwanza kujua namna ya kumtoa malkia. Nasi huwauliza, "Kete zako ngapi zimelala?"

Swali hilo latupasa sisi walimu vilevile. Ni rahisi kumtegemea mtoto mmoja mwepesi, ajibuye kila swali mbele ya mkaguzi, hata darasa lote likasifiwa kwa ajili yake. Lakini nyuma, karibu na ukuta, wameketi wengine ambao hawakuitwa kujibu tangu mwaka uanze. Mkono mmoja haulei mwana. Basi, ndugu walimu, kesho tuanze kuuliza nyuma.