Mtoto Acheze na Nini Kabla ya Kwenda Shule?

Kina mama wenzetu, leo tunaleta habari ambayo kwa muda mrefu tuliionea haya kuisimulia. Ni habari ya mtoto wa kuchezea tuliyemnunulia binti yetu ili apate elimu, kumbe tulimletea hatari.

Kitinda mimba wetu alipofikisha miaka miwili na nusu, tuliamua asiende chekechea mapema. Bibi yake yupo nyumbani, nasi zamu za hospitali hutuachia saa kadhaa za mchana. Tukasema, tutamfundisha wenyewe mpaka atakapofikia umri wa shule. Basi tukaenda dukani tukachagua kifaa kilichong'aa kuliko vyote: kompyuta ya plastiki inayowaka taa, inayoimba na kutaja herufi. Bei yake ilituuma, lakini tulijiambia kuwa elimu haina bei.

Kwa wiki mbili mtoto alibonyeza kitufe kilekile. Kompyuta ilisema, yeye akanyamaza. Sisi tulifurahi kuona ametulia, tukapata nafasi ya kupika na kufua.

Jioni moja tulikuta kifuniko cha nyuma kimefunguka. Hakikuwa na skrubu. Ndani palitakiwa kuwa na betri tatu ndogo za duara, kama zile za saa. Zilikuwepo mbili.

Muuguzi anajua maana ya jambo hilo. Betri ya namna ile ikikwama kooni huunguza nyama za ndani, na madhara makubwa yaweza kutokea katika muda wa saa mbili tu. Mtoto hatapishwi wala hasubiriwi aitoe chooni. Hukimbizwa hospitali apigwe picha ya eksirei. Baba watoto alimbeba, nasi tukafuata na kanga moja, viatu tumesahau. Picha ilionyesha hana kitu. Usiku tuliporudi, bibi alikuwa ameinua mkeka, akaikuta betri chini yake.

Tulimshukuru Mungu, lakini usingizi haukuja. Sisi tunaowafundisha kina mama kliniki kuwalinda watoto wao, tulichagua kwa kutazama taa na herufi. Hatukugeuza kifaa tukatazama mgongoni.

Kesho yake bibi alimpa mjukuu vikombe vitatu vya plastiki na beseni la maji, akaketi naye barazani. Mtoto akamimina, akajaza, akamwaga. "Hiki kimejaa, bibi! Hiki bado!" Tulisimama mlangoni tukimsikiliza. Kwa wiki mbili hatukuwa tumemsikia akisema maneno mengi namna ile. Tangu siku hiyo tukajiwekea maswali matatu kabla ya kumpa mtoto kitu chochote cha kuchezea.

La kwanza: je, ni salama kwa umri wake? Chukua lile bomba la karatasi ngumu lililo katikati ya karatasi ya chooni. Kitu kinachopita humo kinaweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Ndiyo maana vizibo vya soda, vinavyomfaa kaka yake wa miaka sita kwa kuhesabia, tunavihifadhi juu ya kabati. Mbegu za nyonyo hatuziruhusu kabisa, maana zina sumu. Chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya taa haigeuzwi kuwa gari, hata ikioshwa mara kumi.

La pili: je, mtoto atafanya nini nacho? Kitu kikifanya kazi yote chenyewe, mtoto amebaki mtazamaji. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma, akawapa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha kwa mikono yao. Nasi tuliomba mabaki ya mbao kwa fundi seremala. Baba watoto aliyapiga msasa mpaka yakawa laini, bila rangi. Mtoto akijenga mnara ukaanguka, anajifunza uzito, urefu na subira, na hakuna betri ndani yake.

La tatu: je, nani atakuwa naye? Hakuna kifaa kinachomjibu mtoto kama mama, baba au bibi. Siku za kufua tunamwita atafute soksi zinazofanana. Tukikunja kanga, anataja rangi. Hata Jumapili, tunapowahudumia wadogo kanisani, tumeona kikapu cha vitambaa na vikombe huwachangamsha watoto kumi.

Hatusemi vya dukani vyote ni vibaya. Mkinunua, hakikisheni kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na betri za akiba zihifadhiwe mbali na watoto.

Sasa binti yetu ndiye mwandalizi wa sahani mezani. Hupanga moja moja: "Ya baba, ya mama, ya kaka, ya bibi, yangu." Halafu huzihesabu tena, kwa sauti, mpaka tano. Herufi zitakuja kwa wakati wake.

Nawe mama, usiku huu kabla hujazima taa, vikusanye vitu anavyochezea mwanao. Vigeuze kimoja kimoja, utazame mgongoni.