Jumamosi Haikuulizi Kadi ya Mtihani

Watu wakisikia umekulia Mombasa wanadhani ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Zii. Kisiwa chenyewe ni jabali la matumbawe, pembeni miamba mitupu. Fuo za kwenye picha ziko nje ya kisiwa: Nyali na Bamburi kaskazini, Shelly na Diani kusini. Sisi wa chuo, mfuko umetoboka, ramani yetu ilikuwa fupi. Lighthouse pale Mama Ngina, kale kaufuo chini ya Fort Jesus maji yakipwa, na siku tukijisikia watalii, Likoni, kwa sababu feri haimtozi mtu wa miguu hata ndururu.

Tulikuwa wanne. Majina sitaji, niwaite kwa mitaa yao: Majengo, Kibokoni, Likoni, na mimi wa Tudor.

Kibokoni ndiye aliyekuwa na kalenda, yaani nyanyake. Yule bibi haangalii simu, aangalia mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yajaa sana na kupwa sana. Katikati ni maji mafu, hapo msijisumbue. Bamvua ikiangukia Jumamosi tulikuwa tunajua: saa nne asubuhi mchanga uko nje chini ya ngome, na adhana ya alasiri ikilia maji yasharudi kwenye jabali. Mreno alipoanza kuijenga ile ngome 1593 nadhani hakuwazia kwamba siku moja kivuli chake kitakuwa cha wanafunzi kuanikia nguo.

Kutoka hapo ni Mji wa Kale, viazi karai na bhajia, ukwaju wa kumwagia hadi karatasi inalowa. Halafu kwa miguu mpaka Mama Ngina. Pale pameng'arishwa tangu 2019, lakini mibuyu ni ile ile na mihogo ni ile ile, ndimu na pilipili. Twakaa, twangoja meli. Zikiingia Kilindini zapita karibu mno, waweza kusoma jina. Mchezo wetu ulikuwa kubahatisha ile bandari iliyoandikwa nyuma. Ukikosea, mihogo juu yako.

Sasa, nilichokuwa sijawahi kuwaambia.

Mwaka wa pili, muhula wa Januari, sikurudi chuo. Ada. Hakuna hadithi ndefu, nyumbani pesa haikuwepo. Ila sikumwambia mtu. Jumamosi ikifika nabeba begi, ndani mna noti za mwaka jana, naenda Lighthouse kama kawaida. Mlangoni pa chumba cha mtihani ungeombwa kadi. Baharini nani atakuuliza? Wakimsema mwalimu mkali, nacheka palepale wanapocheka. Ilienda hivyo karibu muhula mzima, wallahi.

Siku moja Likoni akaniuliza, "Wewe, karatasi ya Jumatano umeionaje?" Nikasema ngumu, lakini nimejaribu. Akanyamaza kidogo, akaigeukia meli iliyokuwa ikiingia. "Hii ni Monrovia." Nilisema Panama, nikakosea. Nilipoenda kulipa mihogo, muuzaji akaniambia rafiki yako ashalipa.

Wiki iliyofuata nikakosea tena, tena ashalipa. Usiku ndipo nikauliza kwenye grupu, kijanja tu, mtihani wa Jumatano ulikuwa saa ngapi vile. Majengo, asiyejua kuficha kitu, akajibu: Jumatano hatukuwa na mtihani.

Kumbe wote walikuwa wanajua. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililonishinda. Ningechekwa ningekasirika, yangekwisha. Lakini kulipiwa mihogo kimya kimya! Nikaacha kwenda. Nikatoka kwenye grupu, nikasema simu imeharibika.

Leo Majengo yuko Doha, Kibokoni yuko Nairobi. Na ile video yangu iliyotazamwa kuliko zote, ile ya Lighthouse na maneno "siku za chuo", nusu yake niliipiga nikiwa si mwanafunzi. Mnaniandikia chini "zirudishwe hizo siku", nami naweka moyo mwekundu. Samahanini.

Mjomba wangu bado anasema bahari ndiyo iliyonitoa shule, eti ningesoma badala ya kuogelea. Mjomba, kwa heshima zote, ada ndiyo iliyonitoa. Ile miezi, Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokuwa na sababu ya kuoga na kutoka nyumbani. Ningewaambia mapema, pengine ningebaki nayo. Nilijidai nalinda heshima, nikapoteza watu watatu ambao hata hawakuniomba maelezo.

Likoni bado anavuka feri kila siku kwenda kazini. Juzi nilitoka nje usiku, mwezi unakaribia kuwa mpevu. Nikamwandikia, baada ya miaka miwili: "Jumamosi bamvua."

Ilikaa saa nzima na zile tiki za buluu.

"Saa nne. Na mihogo ni juu yako, una deni."

Hesabu yangu, ni sahani mbili.