Donda Ndugu na Habari za Ngozi Mpya



Sisi wauguzi tunaojitolea kutembelea wagonjwa wa jumuiya zetu hapa Ruhuwiko, Songea, tunakutana sana na donda ndugu, yaani kidonda cha mguuni kisichotaka kupona mwezi baada ya mwezi. Wengi wa wagonjwa hao wana kisukari. Kidonda kinanuka, mgonjwa anaona haya, anaacha kuja kanisani, na hata wajukuu wanaanza kukaa mbali naye.

Hivi karibuni bibi mmoja alituuliza jambo zito. Alikuwa amesikia kwamba Ulaya wanaotesha ngozi mpya kwa kurekebisha vinasaba. Tena mtu mmoja alipita nyumbani kwake akiuza chupa za "dawa ya seli". "Wanangu," alisema, "nikiuza mahindi yangu nikanunua dawa ile, nitapona bila kukatwa mguu?" Magunia hayo ndiyo chakula chake na wajukuu wanne mpaka mavuno.

Habari ya ngozi mpya ni ya kweli. Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo sana, na kila seli ya ngozi hubeba vinasaba, yale maagizo tunayorithi kwa baba na mama. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro katika agizo la kushikamanisha ngozi. Ngozi yao huchubuka kwa kuguswa tu, na vidonda havikomi. Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7, mkimbizi kutoka Syria, alilazwa Bochum, Ujerumani, akiwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake. Madaktari walichukua kipande kidogo cha ngozi iliyobaki nzima. Huko Modena, Italia, Michele De Luca na wenzake waliziingizia seli hizo agizo sahihi, wakaziotesha, na mtoto akapandikizwa ngozi mpya karibu asilimia 80 ya mwili. Mwaka 2016 alitoka hospitali, akarudi shule. Aprili 2025 Marekani iliidhinisha tiba inayofanana na hiyo kwa aina nyingine ya ugonjwa huo wa kurithi. Bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mgonjwa mmoja.

Wako wanaouliza kama si dhambi kugusa kazi ya Muumba. Sisi tunamkumbuka Msamaria mwema, ambaye alitumia mafuta na divai, dawa za wakati wake. Marekebisho hayo hukaa kwenye ngozi ya mgonjwa tu, wala watoto wake hawayarithi. Dhambi tunayoiona ni ya yule anayemtapeli maskini kwa jina la sayansi.

Basi tulimjibu: "Mama, usiuze mahindi." Kidonda cha kisukari kina chanzo kingine. Sukari ikizidi kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu hufa ganzi, damu haifiki vizuri mguuni, na mgonjwa hukanyaga kidonda bila kusikia maumivu. Watafiti wanajaribu seli zilizorekebishwa kwa vidonda hivi pia, lakini tiba hiyo haiuzwi mlangoni kwa chupa. Tulimsindikiza hospitali, nyama iliyooza ikaondolewa na dawa ya sukari ikapangwa upya. Kidonda hakijafunga, ila harufu imekwisha na mguu anao.

Huko Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake walianza miaka ya 2000 kuwafundisha waganga na wauguzi kutunza miguu ya wenye kisukari, ili watu wasikatwe miguu bure. Mengi ya mafunzo hayo tunayaweza nyumbani:

Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Usitembee peku, hata uani. Wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai usiote moto kwa miguu, maana mguu wenye ganzi huungua bila wewe kujua. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifungwe kwa shashi safi, na mguu upumzishwe. Ukiona weusi, harufu au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mpendwa, katika jumuiya yako yupo aliyeacha kuja kusali kwa ajili ya kidonda. Wiki hii mpigie hodi. Keti karibu naye, umwombe akuonyeshe mguu, na usizibe pua. Mungu awabariki.