Kukimbia Pwani kwa Stara: Njia Zetu za Paje, Bwejuu na Jambiani



Katika maswali ninayoulizwa sana na mabibi harusi, baada ya yale ya singo na hina, hili halikosi: "Dada, nataka kufanya mazoezi kabla ya harusi, lakini nitakimbilia wapi mimi na ushungi wangu?" Wa mjini wana viwanja vya Maisara na vikundi vyao vya mazoezi. Mimi niliolewa huku mashariki ya Unguja, na huu ni mwaka wa nne nakimbia pwani ya Paje na Jambiani. Basi leo nawaeleza njia zetu, na pia yale yanayosemwa juu yetu tukipita.

Kwanza niseme kwa nini nakimbia, maana si kwa ajili ya nguo kukaa vizuri. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili wakati ule, na nilipojifungua, daktari akaniambia sukari yangu nayo imeanza kupanda, nitembee kila siku na nikiweza nikimbie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. Nusu saa ni muda wa kuchambua mchele na kupiga soga. Nikamwomba mume wangu ruhusa, akasema, "Nenda na dada yangu, msende mbali." Tangu hapo nakimbia na wifi yangu.

Sasa njia. Tuna tatu.

Ya kwanza ni Paje kwenda Bwejuu, kuelekea kaskazini, kama kilomita 3 au 4 hivi. Hii ndiyo ya kuanzia. Mchanga ni tambarare, mweupe, na maji yakitoka unakuwa mgumu kama sakafu. Ukichoka unageuka, hakuna aibu.

Ya pili ni Paje kwenda Jambiani, kuelekea kusini. Hadi katikati ya Jambiani ni kama kilomita 5 au 6, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kazi ya mtu aliyezoea. Jambiani yenyewe ni kijiji kirefu kilichojinyoosha na pwani. Utapita ngalawa zimepumzika, watoto wanakwenda chuoni, na akina mama wanateremka kwenye mwani.

Ya tatu ni ya ndani, njia ya mchanga na mawe inayopita katikati ya kijiji cha Jambiani. Hii ni ya siku ambazo bahari imejaa. Angalieni baiskeli na pikipiki tu. Barabara kuu ya lami inayokwenda Makunduchi sikushauri, magari yanakwenda mbio na pembeni hapana nafasi.

Kitu cha kujua kuliko vyote ni maji. Pwani yetu maji yakijaa sana hupiga kwenye kuta za mahoteli, njia inakatika, na utajikuta huna pa kwenda mbele wala nyuma ila kupita kwenye vitanda vya wageni. Alhamdulillah, sisi tunaoishi kwa mwezi wa Kiislamu tuna jedwali la maji ukutani bila kujua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa mwendo wa saa 10 alfajiri na hupwa mwendo wa saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kidogo, chini ya saa moja. Ukipiga hesabu, siku nzuri za kukimbia baada ya sala ya alfajiri ni kama tarehe 9 hadi 13 za mwezi, na tena 24 hadi 28. Siku za bamvua subiri jua lipande kidogo. Tarehe 4 hadi 6, na 18 hadi 20, asubuhi maji huwa juu, basi shika njia ya ndani au pumzika. Hesabu hii ni ya kukadiria. Mvuvi yeyote ukimuuliza atakwambia sawasawa. Na anayefunga ayyamul-bidh, tarehe 13, 14 na 15, atembee tu siku hizo, asijikaushe.

La pili ni upepo. Wakati wa kusi anza kwa kwenda Jambiani, upepo ukupige usoni ukiwa na nguvu, kisha ukurudishe nyumbani ukiwa umechoka. Wakati wa kaskazi fanya kinyume, anza na Bwejuu. Mchana na jioni Paje hujaa watu wa kaiti, kamba zao hazionekani vizuri, na pwani inakuwa na macho mengi. Baada ya alfajiri ni wakati wetu: jua halijachoma, wageni wamelala, na Mtume, sala na salamu zimshukie, aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake.

Vazi. Dera likirowa linakuwa zito na linakukamata miguu, na buibui la wazi mbele hupeperuka. Mimi navaa suruali pana, juu yake gauni jepesi linalovuka magoti, lisilobana, la rangi nzito, na ushungi wa kuvaa kichwani moja kwa moja usiohitaji pini. Sidiria iwe ya kushika vizuri. Vaa raba, usikimbie peku: maji yakitoka huacha majabali, vipande vya chaza, na wale wa miba mirefu myeusi ambao mwiba wao ukivunjika mguuni utaikosa hata harusi. Mwenye sukari ndiyo kabisa, kidonda cha mguu kwake si kitu kidogo. Nililiona kwa mama.

Sasa maneno ya watu. Wiki ya kwanza mzee mmoja alituuliza, "Mnakimbizwa na nani?" Tukacheka naye. Wengine hawakucheka. Kuna waliosema mwanamke aliyeolewa hakimbii, kukimbia ni kwa watoto na wageni. Dada zangu, sisi tunasoma katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kwamba Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, alishindana mbio na Mtume, sala na salamu zimshukie. Mara ya kwanza akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye. Tena mahujaji wote, wanaume kwa wanawake, husai baina ya Safa na Marwa mara saba kwa kumkumbuka Bibi Hajar, mama aliyekwenda mbio kumtafutia mwanawe maji. Hukumu za stara na mipaka yake waulizeni masheikh wenu. Lakini asikwambie mtu kwamba mbio za mwanamke zimeletwa na watalii.

Jambo lilikuwa zito zaidi mwaka jana. Binamu yangu wa mjini alikuja kukaa kwangu miezi miwili kabla ya harusi yake, akawa anakimbia nasi. Kabla wiki tatu kwisha, habari ilikuwa imefika upande wa mume: bi harusi anaonekana pwani asubuhi, anakimbia. Ikaja salamu kwamba aache, ama sivyo wazee wakutane upya. Mahari yalikuwa yameshapokelewa na kadi zimeshagawiwa. Binamu yangu alilia siku nzima. Yeye alikuwa tayari kuacha. Alichokiogopa ni kuingia kwenye nyumba ambayo jambo lake halali linaamuliwa kwa uvumi.

Aliyesema neno ni mama mkwe wangu. Yeye ni mtu wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza hapa kwetu, mwaka 1989. Akasema, "Mimi maji yakitoka nayafuata, yakirudi yananikimbiza na gunia kichwani. Nimerowa mpaka kifuani mbele ya kijiji kizima, wala hakuna aliyeniambia nimeivunja heshima ya mume wangu. Au kwa sababu mimi napata pesa, na huyu anapata afya?"

Maneno yale shangazi yetu aliyabeba mwenyewe mpaka kwa wenziwe, kwa adabu, na sahani ya visheti. Kijana naye akaulizwa, akasema hana neno ikiwa ni baada ya alfajiri na hayuko peke yake. Wakakubaliana hivyo. Si wote waliofurahi, na shangazi mmoja wa upande ule mpaka leo akimwona binamu yangu humwita "mkimbiaji". Lakini ndoa ilifungwa, na yale mazungumzo yaliwafundisha wawili wale kuulizana kabla ya kusikiliza watu. Somo wake alipomwingiza ndani kwa singo na kufukizwa udi, alitucheka: "Mwari huyu ana pumzi, hanisumbui."

Basi wewe bi harusi mtarajiwa, nakuusia haya. Anza miezi mitatu kabla, usingoje wiki ya mwisho. Wiki ya kwanza tembea tu, ya pili tembea dakika 4 kimbia dakika 1, uongeze pole pole. Ufukwe una mteremko, kwa hiyo kimbia karibu na maji ambapo ni bapa, goti lisiumie. Ukibakia na siku kumi acha, ukae ndani, ngozi ipoe na somo apate kazi yake. Usijinyime chakula ili ukonde. Huku kwetu watakusema ukinenepa na watakusema ukikonda. Mwenzio asijue unakwenda wapi? Hapana. Mwambie mzazi au mchumba wako mapema, neno litoke kwako kabla halijatoka kwa jirani. Mwenye mimba, mwenye moyo au sukari amuone daktari kwanza. Na usiende peke yako.

Nia nayo ina kazi yake. Mwili ni amana, tutaulizwa tuliutumia katika nini. Ukiamka ukasali, ukafunga kamba za raba kwa nia ya kuutunza, uwalee wanao ukiwa na miguu yako miwili, nataraji na hilo utaandikiwa.

Waliopo Nungwi, Kizimkazi na Pemba, niandikieni njia zenu na hali ya maji huko, na mnavaa nini. Nitaziweka hapa in sha Allah. Na msomeeni mama yangu dua.