Mlima wa Chuma Nyuma ya Stesheni

Kwetu Mikinduri, mlio unaotawala asubuhi ni wa pikapu. Miraa huchumwa alfajiri, hufungwa vitita, hukingwa jua kwa majani ya mgomba, na muda si muda magari yameshashika njia ya Nairobi kwa kasi inayowafanya akina mama wawashike watoto mikono kando ya barabara. Mzigo ukikawia siku mbili tatu, bei yake imekufa. Mtu aliyelelewa hapo, chini ya vilima vya Nyambene, hujifunza mapema kwamba chombo kizuri ni kile kinachowahi.

Reli haijatufikia. Iliyo karibu nasi inaishia Nanyuki, ukiuzunguka Mlima Kenya kwa njia ya Timau. Ilifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaja kulala kwa miaka mingi, ikaamshwa tena mwishoni mwa 2020. Nilipita hapo nikiwa na binti wa dada yangu; shule zilikuwa zimefungwa na alitaka kuuona mji mkuu. Aliinama akashika chuma cha reli kwa kiganja, akashangaa kwamba kilikuwa cha moto. Kutoka hapo tukapanda matatu hadi Nairobi.

Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni kuu ya zamani, mahali unapofika kwa miguu. Yalifunguliwa mwaka 1971. Ndani ya jengo kuna vyombo vya mezani, taa, kofia na saa za wafanyakazi wa reli, na tuliviangalia upesi. Nje, kwenye vipande vya reli vilivyomea nyasi, kuna behewa ambalo watu wengi huja kuliona: ndimo alimolala afisa wa polisi Charles Ryall mwezi Juni 1900 huko Kima, akimvizia simba, na simba akaingia akamtoa dirishani. Mtoto alichungulia dirisha lile, akarudi nyuma hatua tatu.

Mimi macho yangu yalikuwa yameshavutwa pembeni, kwenye injini ya mvuke namba 5918, rangi yake nyekundu ya damu ya mzee, na ubavuni kibao chenye jina: Mount Gelai.

Nitajaribu kuieleza kwa msomaji ambaye hajaiona. Usifikirie kichwa cha treni kimoja. Fikiria machela ya mgonjwa, kama tunavyowateremsha wagonjwa kwetu msimu wa mvua, njia zinapokuwa utelezi mtupu na gari haliwezi kupanda. Mmoja hubeba mbele, mwingine nyuma, mgonjwa yuko katikati. Njia ikipinda, wa mbele hupinda kwanza, wa nyuma hufuata kwa hatua zake, na machela haivunjiki. Ndivyo injini hii ilivyoundwa. Mbele kuna fremu yenye magurudumu na tangi la maji, nyuma kuna fremu nyingine yenye magurudumu na matangi ya mafuta na maji, na boila pamoja na chumba cha dereva vimening'inizwa katikati, vikibebwa na pande zote mbili. Aliyebuni mpango huo ni Mwingereza Herbert William Garratt, na kwa jina lake injini za aina hii huitwa Garratt. Kwa sababu boila haina magurudumu chini yake, waundaji waliweza kuinenepesha watakavyo. Boila ya Mount Gelai ina kipenyo kinachozidi mita mbili, ilhali reli zilizoibeba zimeachana kwa mita moja tu.

Niliyahesabu magurudumu moja moja, mtoto akihesabu upande wa pili. Jumla ni 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yanayosukumwa na mvuke. Uzito wote ni kama tani 252. Injini 34 za aina hii ziliundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozishinda nguvu popote duniani. Kazi yake ilikuwa kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Pikapu ya miraa hubeba kama tani moja. Nilisimama nikijaribu kuziona pikapu 1,200 zimefuatana kutoka Mikinduri, nikashindwa.

Mhudumu, mwanamke wa makamo aliyevaa koti zito, alitukaribisha kupanda. "Pandeni, mzee, lakini mshike vizuri, ngazi ni ya wanaume warefu."

Chumbani mna mishikio mingi, saa za kupimia mvuke, na mabomba ya shaba yaliyopindana kama utumbo. Mtoto akazungusha macho kote.

"Mjomba, usukani uko wapi?"

Mhudumu alijibu kabla yangu. "Hakuna, mama. Reli ndiyo inayoongoza. Dereva anaamua tu aende kwa nguvu gani na asimame wapi." Kisha akamwonyesha bomba dogo la kioo lililosimama wima mbele ya boila. "Jicho la dereva lilikuwa hapa. Humu unaona maji yamefika wapi ndani. Maji yakishuka mno wakati moto unawaka, chuma kinaungua, na boila inaweza kulipuka."

Nililitazama bomba lile kwa muda. Halizidi unene wa kidole, na nyuma yake kulikuwa na mvuke wa shinikizo la ratili 225 kwa kila inchi ya mraba. Moto wenyewe haukuwa wa kuni wala makaa. Ulikuwa wa mafuta mazito yaliyorushwa tanurini, na mchochea moto aliuongoza kwa kuzungusha vali huku akitazama rangi ya moshi. Safari ilikuwa ndefu, ikapita nchi kavu ya Taru na Tsavo, hata ikabidi wafanyakazi waende makundi mawili: moja likiendesha, jingine likilala katika behewa lililofungwa nyuma.

Madereva wengi wa enzi hizo walikuwa Singasinga. Singasinga wa reli waliowatangulia ndio waliojenga hekalu la Makindu mwaka 1926, kando ya reli hiyo hiyo, ambako mpaka leo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini. Dereva aliyekabidhiwa injini yake aliitunza kama mtu anavyomtunza fahali wa nyumbani, akisugua shaba mpaka aone sura yake humo.

Injini zote 34 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na mimi mtu wa milimani nilitaka kujua yetu iko wapi. Ya kwanza, namba 5901, iliitwa Mount Kenya. Namba 5903 iliitwa Mount Meru, na moyo ulinidunda, kwani kwetu ni Meru, kisha nikakumbuka kwamba Mlima Meru uko Arusha. Nyambene haimo. Ol Donyo Sabuk, ambao ni mfupi kuliko Nyambene, umo. Nadhani milima iliyokumbukwa ni ile ambayo mtu wa reli aliijua, na sisi hatukuwa njiani mwake.

Dizeli ndiyo iliyozishinda injini za mvuke. Dizeli haidai saa nyingi za kupashwa moto, haihitaji maji kila kituo, na fundi wake hahitaji kutambaa ndani ya tanuri. Kufikia mwaka 1980 injini hizi zilikuwa zimeondolewa kazini, na nyingi zikakatwa vyuma chakavu. Zimebaki mbili: Mount Gelai na dada yake 5930, Mount Shengena, zote humo makumbushoni. Mapema miaka ya 2000 mafundi wa Nairobi waliitengeneza Mount Gelai, wakawasha moto, na ikavuta treni tena. Hilo ndilo lililonigusa kuliko uzito wake wote.

Kwa maana kwetu hatuna desturi ya kuhifadhi kitu kwa kukipumzisha. Kule Nyambene iko miraa tunayoiita mbaine, miti mikongwe iliyopandwa na vizazi vilivyopita. Haijazungushiwa kamba. Hukwewa, huchumwa, hupogolewa, na mwenye shamba humwonyesha mwanawe tawi la kukanyaga na tawi la kuacha. Jirani yetu ana Land Rover iliyomzidi umri, na inapanda mlima na magunia kila siku ya soko kwa sababu fundi wake hajachoka. Tunavyojua sisi, kitu cha zamani hudumu kikiwa kazini.

Injini ya mvuke nayo ina tabia hiyo. Ukiiacha ikae, unyevu huila boila kwa ndani, mabomba hutoboka, vali hushikana. Kuiwasha upya si jambo la kugeuza ufunguo. Hupashwa polepole, saa baada ya saa, ili chuma kitanuke pamoja, na lazima awepo mtu anayeusikiliza mlio wake na kujua lipi la kawaida na lipi la hatari. Huko Wales, Garratt ndogo zilizofanya kazi Afrika Kusini zilirudishwa Uingereza na sasa zinavuta watalii milimani. Wengi wanaozihudumia hawalipwi, wazee waliostaafu wakiwa bega kwa bega na vijana wanaojifunza kutia mafuta na kusoma kioo cha maji. Sisi chuma tunacho, na wazee wanaokijua tunao.

Tulipokuwa tunashuka, mtoto aligonga boila kwa kifundo cha kidole. Ilitoa mlio mzito, mfupi. Akagonga tena, akategesha sikio.

Kijana aliyechochea moto wa injini hizi mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa na miaka 25, leo amepita sabini. Kama nyumbani kwenu yuko mzee wa namna hiyo, mpeleke pale wakati bado ana nguvu za kupanda ile ngazi ya wanaume warefu. Mwache ashike kila mshikio na kutaja kazi yake, nawe umrekodi kwa simu mpaka amalize.