Kifungu cha 162

Alhamisi, 6 Septemba 2018
Mahakama ya Juu ya India imekipunguza makali kifungu cha 377, kilichofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Majaji watano, sauti moja: watu wazima waliokubaliana wasiguswe. Nimeisoma kwenye simu baada ya kufunga saiba. Jaji Indu Malhotra ameandika kwamba historia inawadai radhi watu hawa na jamaa zao. Jamaa zao! Sikujua kuna jaji anayetukumbuka na sisi.

Mdogo wangu yuko Nakuru, hajatia mguu nyumbani tangu mwaka juzi. Wanaume wawili waliojiita askari walimpokonya simu, wakasoma meseji zake, wakamwambia achague: miaka 14 jela au pesa. Pesa nilituma mimi kwa M-Pesa. Wiki iliyofuata wakadai tena. Hakuna kesi iliyofunguliwa. Kwetu Kenya kifungu kama hicho ni cha 162, nacho kiliishia mfukoni mwa watu wale, kortini hakikufika.

Jumapili, 9 Septemba
Hapa Keroka tunagombania mpaka wa Kisii na Nyamira, mpaka ushuru wa soko, ila kwa hili pande zote mbili zinaimba wimbo mmoja: ushoga umeletwa na wazungu. Basi na jela yake ililetwa na nani? Kanuni ya Adhabu ya India, yenye kifungu cha 377, iliandikwa na tume ya Mwingereza Macaulay miaka ya 1830, ikapitishwa 1860, na mwaka 1897 Waingereza wakaitumia huku kwetu. Mwaka 1930 waliweka kanuni nyingine, kosa likabaki. Kifungu hicho cha 377 bado kiko Pakistan, Bangladesh, Myanmar na Malaysia.

Abagusii wa huku kwetu walikuwa na taratibu zao. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumtolea mwanamke mwenzake ng'ombe wa mahari, na watoto wakawa wa boma lake. Hayo hayakuwa mapenzi ya kimwili, sitaki kuchanganya mambo. Yalikuwa ya shamba na mrithi. Lakini wazee walikaa chini, wakatafuta njia ya kila mtu kuwa na mahali pake bomani.

Ijumaa, 22 Februari 2019
Hukumu yetu, ya kesi ya kupinga vifungu vya 162 na 165, imeahirishwa hadi 24 Mei. Jaji Chacha Mwita anasema bado wamezidiwa na makaratasi. Mdogo wangu amejibu, "Sawa, dada," basi.

Ijumaa, 24 Mei 2019
Wamekataa. Majaji Aburili, Mwita na Mativo, wote watatu. Wanasema vifungu vya 162 na 165 havimbagui mtu, na kwamba kuviondoa kungefungua mlango wa ndoa ambazo ibara ya 45 ya Katiba haizitambui.

Nimeichapa hukumu na kuisoma, kalamu nyekundu mkononi. Mzee mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akaona rundo lile, akauliza, "Mwanangu, ni kesi ya shamba?" Nikamwambia ni ya boma letu, mzee. Akanipa pole, akaketi kungoja zamu yake.

Waliokwenda kortini hawakuomba harusi. Waliomba wasifungwe. Majaji wamejibu ombi ambalo halikuletwa.

Jumanne, 3 Januari 2023
Kuanzia leo Singapore haina tena kifungu cha 377A. Bunge lao lilipiga kura Novemba, na papo hapo likabadilisha katiba ili maana ya ndoa isipingwe kortini. Mimi nisingewafungia watu mlango wa ndoa hivyo. Lakini wameonyesha kwamba jela inaweza kuondoka na ndoa ikabaki ilivyo. Mwaka 2019 tuliambiwa haiwezekani.

Jumamosi, 25 Februari 2023
Jana Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji watatu dhidi ya wawili, imesema bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kukataa kulisajili shirika la Eric Gitari la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Leo kanisani Sabato nzima ilikuwa habari hiyo.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa aliyemfundisha mdogo wangu kuimba besi akanivuta kando.
"Kijana wetu siku hizi yuko wapi?"
"Nakuru, mzee. Anaogopa kuja."
"Anamwogopa nani?"
"Sheria. Na nyinyi."
Alinyamaza kidogo, kisha akaomba namba ya simu. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe kwanza.

Nimemwandikia mdogo wangu, nimemweleza na hukumu yenyewe: shirika litasajiliwa, lakini kifungu cha 162 hakikuguswa. Miaka 14 ingalipo. Amesema namba nimpe mzee.