Picha Moja Katika Nyingi

Nataka kuwaeleza jambo lililonipata kiangazi kilichopita katika kijiji chetu, kando ya njia itokayo Mpanda kwenda Sitalike. Huenda likamfaa mtu.

Jioni moja alinijia bibi mmoja jirani yangu, Mkonongo, mjane tangu mwaka 2010. Mkononi alikuwa na diski ya DVD iliyofungwa katika kitambaa. Akaniambia, "Mwalimu, marehemu mume wangu yumo humu, katika harusi ya binti yetu ya mwaka 2007. Sina picha yake nyingine. Kadi yake ya mpiga kura ililiwa na mchwa. Na wajukuu wananiuliza, babu alikuwaje?" Mzee yule alikuwa mrina asali, maisha yake yalikuwa porini penye mizinga, wala hakuwa mtu wa kwenda kwa mpiga picha.

Nikajibu kwa wepesi, "Si kazi, bibi." Naliisimamisha video, nikakipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yangu. Picha ikatoka ina mawimbi ya mistari, na taa ya nyumbani mwangu iking'aa juu ya paji la uso wa mzee. Bibi akaitazama, akanyamaza. Nikaona haya.

Basi nikajifunza. Kwanza nalinakili yote yaliyomo katika diski, kwa maana ilikuwa imekwaruzika, na kitu cha namna hiyo hakingoji. Kisha nikaifungua nakala kwa programu ya kuhariri video iitwayo Shotcut, ambayo hutolewa bure. Video ni picha nyingi zilizosimama, ziitwazo fremu, zinazopita upesi mbele ya macho. Katika DVD za kwetu ni 25 kila sekunde. Mzee alionekana kwa sekunde 8 tu, basi zilikuwa picha 200 za kuchagua. Vitufe vya mishale hukupeleka fremu moja moja, mbele au nyuma. Ukiisha kuipata uitakayo, waiamuru programu iitoe fremu ile peke yake, nawe waihifadhi kwa namna ya PNG, isiyoipunguzia picha kitu.

Likatokea jambo la pili. Kila mzee alipoinua mkono, mkono ule ulikuwa na meno kama ya kitana. Sababu yake ni hii: kamera nyingi za namna ile zilichukua kila fremu kwa nusu mbili, mstari mmoja huku na mstari mmoja kule, nusu moja ikiitangulia ya pili kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kitu kilichotulia hakidhuriki. Kinachokwenda huonekana kimechanika. Dawa yake ni kuiamuru programu itumie nusu moja, na kujaza mistari iliyokosekana.

Nikachagua fremu ambayo mzee amesimama wima, macho mbele, koti limenyooka. Bibi akatikisa kichwa. "Huyu ni mgeni wa harusi, mwanangu. Siye yeye." Tukarudi nyuma pamoja, picha kwa picha, hata akanishika mkono ghafula: "Hapo!" Mzee alikuwa ameinama kidogo, anacheka, jicho moja amelifumba, na uso una ukungu kidogo. Mimi ningaliipita. Bibi akalia, kisha akacheka.

Nikaipeleka Mpanda mjini ikachapwe. Fremu ya DVD ina nukta 720 kwa 576 tu. Ukitaka nukta 300 katika kila inchi, upana wake ni inchi 2 na nusu hivi. Nikakataa isikuzwe mno, maana hukuzwa na ukungu pia. Sasa imetundikwa ukutani kwa bibi, ndogo kama kiganja.

Ndugu zangu, nyumba nyingi zina diski kama hizi masandukuni. Zinakwaruzika, na mashine za kuzisomea zinaadimika. Zinakilini mapema, mkazitoe nyuso za wazee wenu. Walakini msichague peke yenu. Mwalimu aweza kuvijua vitufe. Bali uso wa mtu humjua yule aliyekula naye.